Mzee wa Chokaa na Jukwaa Lililoungua

Kwa nini mtu aliyenijua tangu nabebwa mgongoni aliniuliza kila siku mimi ni mtoto wa nani?

Swali hilo nilikuwa nalo tangu utotoni na sikupata wa kunijibu. Nilipita mbele ya lango la uwanja wa mpira asubuhi nikienda shule na alasiri nikirudi, na kila mara yule mzee aliyeketi juu ya debe lililopinduliwa alisubiri. Hakugeuza kichwa wala hakutabasamu. Alisubiri mpaka niseme shikamoo, kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka: "Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa fundi seremala."

"Haya, Binti Maswali. Pita."

Kesho yake hivyo hivyo. Ukipita kimya alikuacha uende kidogo, halafu akaanza kupaza sauti: "Nani huyo asiye na adabu? Amelelewa na mbuzi?" Waliokuwa karibu walikutaja jina, na habari ikafika nyumbani kabla yako. Mama alikuwa ameshashika mwiko.

Watu wazima walimsifu kwa hilo. Walisema ndiye mtu wa mwisho pale kwenye shamba la mkonge aliyejua heshima. Mimi nilimwona mtu mdogo aliyepewa lango la kulinda akalifanya ufalme. Nilimchukia mapema, kabla hajanipa sababu. Sababu alikuja kuitoa baadaye, aliposimama mbele ya watu, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba alimwona kaka yangu Athumani akiwasha moto jukwaa la Wazungu. Kwa kiapo hicho kaka yangu alifungwa, na baba yetu aliingia kaburini bila kumwita tena mwanangu.

Jina lake sitalitaja, na si kwa kumsitiri. Hakuna aliyelitumia. Kambi ya mkonge ilikuwa imejaa watu walioletwa kutoka mbali na kuitwa kwa namba, na ukikaa sana namba ilikutoka ukaitwa kwa kazi yako. Yeye alichora mistari ya uwanja kwa chokaa, basi akawa Mzee wa Chokaa. Miguu yake ilikuwa nyeupe mpaka vifundoni, imepasuka kama ukuta wa zamani, na harufu yake ilikuwa chokaa, ugoro na jasho lililokaa. Juu ya harufu hiyo kulikuwa na ile ya shamba zima, uchachu wa maji ya kijani yaliyotoka kwenye mashine ya kusaga mkonge na kupita mferejini nyuma ya goli la kaskazini. Wageni walifunga pua. Sisi tuliozaliwa pale tuliambiwa tusidharau, hiyo ndiyo harufu ya mshahara. Mimi niliuliza mshahara wa nani, nikazabwa kofi.

Nilipokuwa chuo kikuu nilijaribu kuandika historia ya uwanja ule. Nilidhani ni jambo jepesi, kwa kuwa ndio uwanja wa kwanza huku kwetu, kati ya Kilosa na Kilangali, ambapo mtu mweusi alilishwa na kulipwa ili apige mpira tu. Nikagundua kwamba kila mtu ana uwanja wake. Baba alisema palikuwa mahali pa kuanikia nyuzi, kamba za kuanikia zikahamishiwa ng'ambo ya mfereji. Mpishi wa timu alisema palikuwa pori na yeye mwenyewe alifukuza nyati. Mzee wa Chokaa, nilipokuwa bado mtoto, aliniambia uwanja ulikuwepo kabla ya reli. Nilimuuliza watu hao wa kabla ya reli walicheza na nani. Akatema ugoro. "Wewe uliwahi kuwepo?"

"Na wewe uliwahi?"

"Mimi naona mbali, Binti Maswali. Mbele na nyuma."

Alipenda sana kusema hivyo. Naona mbali. Naona mpaka Kilangali. Macho haya hayajawahi kunidanganya. Ukimkuta na watu wawili watatu, lazima macho yake yaingie kwenye mazungumzo, kama mzazi anavyomwingiza mwanawe aliyefaulu mitihani.

Ninachokiamini kuhusu uwanja ule ni hiki. Meneja wa shamba alikuwa na ugomvi wa majivuno na mameneja wenzake, na ugomvi huo aliamua kuumaliza kwa miguu ya watu wengine. Manamba walisawazisha ardhi baada ya kazi ya siku, wakiwa bado na utomvu wa mkonge mikononi, ule unaowasha mpaka ujikune damu. Uzio ulijengwa kwa vikonyo virefu vya maua ya mkonge. Lango likawekwa, na tiketi. Baba yangu akajenga jukwaa la mbao kwa ajili ya Wazungu na wageni wao, akalifunika paa la nyasi, akatengeneza viti vyenye matakia yaliyojazwa nyuzi fupi za mkonge, zile zisizouzika. Alijivunia jukwaa lile kuliko nyumba yetu, ambayo ilikuwa inavuja.

Kisha wakaletwa wachezaji. Waliandikishwa kama wakataji, maana ofisi haikuwa na kazi inayoitwa kucheza. Lakini hawakukata hata jani. Majani yao yalikatwa na wengine: kila genge liliongezewa mzigo kidogo, na mnyapara mkuu akasema ni kwa heshima ya shamba. Nimeona watu wakirudi kutoka mashambani jioni hawawezi kufumba vidole, halafu Jumamosi wananunua tiketi kwenda kuwashangilia watu ambao mizigo yao waliibeba wiki nzima. Wanashangilia kweli, mpaka sauti zinakauka. Nikamuuliza baba kwa nini hawakasiriki. Baba alisema, "Mtu lazima awe na kitu cha kupenda." Jibu hilo linanichefua hadi leo, na sijapata lililo bora.

Wachezaji nao walifugwa. Walipewa nyumba za matofali, nyama na viatu. Walikatazwa kuoa wakati wa mashindano, walikatazwa kwenda ngomani, na mpishi aliwasimamia wakimeza. Mmoja alivunjika mguu mechi ya asubuhi, na kabla ya jua kuzama kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Mzee wa Chokaa aliwaita ng'ombe wa bwana. "Ng'ombe wa bwana wamekula?" alimuuliza mpishi. "Ng'ombe wa bwana wamelala?"

Lakini jioni ng'ombe hao hao walimjia, na aliwakanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi. Hapo alikuwa mtu mwingine. Alifumba macho, akapitisha vidole gumba kwenye misuli polepole, na akawatambua kwa miguu bila kuambiwa: "Wewe golikipa, umeruka vibaya. Na wewe, huu mguu umekwenda ngomani jana, usinidanganye." Watu walicheka. Aliyempenda kuliko wote ni kaka yangu. Athumani alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, mkimya, na mpira ulimfuata kama umefungwa kamba. Mzee aliushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akasema, "Huu hauna mwenzake Tanganyika nzima. Huu ni wangu, nimeukanda mimi." Nilipoona hivyo nilimsamehe kidogo. Sasa nikikumbuka vidole vile juu ya mguu wa kaka yangu, najutia msamaha ule.

Na mistari. Lazima niseme juu ya mistari, kwa sababu ndiyo iliyomponza Athumani.

Mzee alichora kila Jumamosi alfajiri, peke yake, lango likiwa limefungwa. Alikuwa na kamba aliyoisokota mwenyewe kwa nyuzi za mkonge, ameipiga mafundo. Aliifunga kwenye vigingi vilivyozama ardhini tangu siku ya kwanza, akaivuta mpaka ikalia, kisha akatembea pekupeku kando yake akimwaga chokaa kwa kopo lililotobolewa. Niliwahi kumchungulia uzioni. Alitembea akiwa ameinua uso juu, kama mtu anayesikiliza mvua inayokuja, na mguu mmoja haukuachana na kamba. Mstari uliobaki nyuma yake ulinyooka kiasi cha kutisha. Meneja aliwaleta wageni wauone. Mnyapara mkuu alisema kwa sauti, ili wote tusikie, kwamba macho kama yale hayapo wilaya nzima. Watu wakaamini. Mimi pia niliamini, mimi niliyejidai siamini kitu.

Lakini kulikuwa na mambo madogo. Mechi ikiendelea aliketi kwenye debe lake kando ya mstari, na goli likifungwa aliruka na kupiga kelele, ila kila mara alichelewa kidogo, kama mwangwi wa watu. Kuna siku goli letu lilifungwa kwa kichwa, na jioni nikamsikia akiwasimulia wapishi jinsi shuti lilivyopigwa kwa mguu wa kulia, likapinda, likaingia kona ya juu. Nikasema, "Mzee, lilikuwa la kichwa."

"La mguu!"

"La kichwa. Nilikuwepo."

"Mtoto wa kike anajua nini mpira?" Wapishi wakacheka, na hata wale walioliona goli kwa macho yao walinyamaza. Mmoja aliniambia pembeni, "Mwache bwana, labda ni sisi tulioona vibaya." Niliondoka nikiwa nimechoshwa nao wote, watu wanaokubali kuambiwa walichokiona.

Hakutoka nje ya uwanja kamwe. Hakwenda msibani wala sokoni Kilosa. Alilala kibandani nyuma ya goli la kusini na chakula chake kilitoka jiko la wachezaji. Watu walisema huo ni uaminifu. Mimi nilisema ni kujipendekeza. Meneja alipofika langoni, mzee alisimama kabla ya kila mtu, akiwa amesikia buti zake, akainama mpaka kofia ikaanguka. Aliwahi kumfukuza mjane aliyekuja kuomba kuokota kuni ndani ya uzio, akamtukana vibaya. Siku iliyofuata alimpelekea mjane huyo nusu ya nyama yake kwa mkono wa mpishi, akikataza asitajwe. Kwa hiyo ukitaka kumpenda utapata pa kuanzia. Mimi sikutaka.

Mwaka wa mwisho Athumani alimwambia nahodha wake kwamba mashindano yakiisha ataondoka. Timu ya wafanyakazi wa reli pale Kilosa ilikuwa inamtaka, kwa kazi ya kweli ya karakana na nyumba ambayo hangenyang'anywa akivunjika. Alitaka pia kuoa. Hakutaka kutoroka, alitaka kuaga kama mtu. Nahodha akamwambia mnyapara mkuu, na mnyapara mkuu akamwambia meneja.

Siku ya fainali tulishinda, na Athumani alifunga. Wazungu walibaki jukwaani wakinywa mpaka jua likaanza kushuka, kisha wakapanda magari yao. Haukupita muda moshi ukaonekana. Matakia yale ya nyuzi kavu yalishika kama petroli. Tulikimbia na ndoo kutoka kwenye tangi la maji, na Athumani alikuwa wa mbele, kifua wazi, kwani moto ulimkuta pale tangini akioga. Baba alisimama akiangalia kazi ya mikono yake ikianguka kipande kipande.

Asubuhi tuliitwa kwenye baraza ya ofisi. Meneja aliketi. Mnyapara mkuu alisimama na kumwongoza Mzee wa Chokaa kwa kumshika bega, na nilidhani ni kwa heshima ya umri.

"Sema ulichokiona, mzee."

"Nilimwona Athumani. Alikuja na kibiriti chini ya jukwaa. Akawasha, akaondoka."

"Una hakika?"

"Macho haya hayajawahi kunidanganya."

Athumani alipiga hatua mbele. Hakuwa na hasira, alikuwa ameshangaa tu. "Mzee, niangalie. Ni mimi, ni mguu wako huu. Uliniona mimi?"

Mzee aligeuza uso, lakini haukumfikia kaka yangu. Uliishia kwenye nguzo ya baraza. Nilifikiri anaona aibu. "Nilikuona," aliiambia nguzo.

Msahafu ukaletwa, akaapa. Nilipiga kelele kwamba ni mwongo, baba akanivuta mkono mpaka nje. Nilimwambia baba kwamba Athumani alikuwa tangini, watu walimwona tangini. Baba akasema, "Walimwona baada ya moshi. Yule mzee anaona mstari uliopinda unene wa ukucha, atashindwaje kumwona mtu mzima? Kijana alitaka kuondoka, akaona aharibu kwanza. Akachoma jasho langu." Nikamwambia, baba, ni mwanao. Akasema, "Na ule ulikuwa mstari ulionyooka."

Hivyo ndivyo walivyofikiri, baba yangu na wote. Anayechora vizuri anaona vizuri, na anayeona vizuri hasemi uongo. Hakuna aliyeuliza swali moja katikati. Mimi pia sikuuliza lile ambalo lingefaa.

Athumani alipotoka kifungoni timu ya reli ilikuwa imepata winga mwingine. Yule binti aliyetaka kumwoa naye alikuwa ameolewa Munisagara. Kaka alikwenda Mikumi, kwenye genge la barabara inayokwenda Iringa, kufyeka na kupasua mawe. Nilimtembelea nikiwa likizo kutoka chuoni. Vijana wa genge walikuwa na mpira wa matambara, ukabingirika mpaka miguuni pake. Akauokota kwa mkono, akawarudishia.

"Hata kuupiga?"

"Tembo wanapita hapa jioni," alisema. "Twende ndani." Kisha, tukiwa tunakula, "Baba bado anasema ni mimi?"

Nilitaka kudanganya. "Bado."

Baba alikufa mwaka uliofuata. Athumani alikuja kuzika, akasimama nyuma kabisa ya watu, kama mpita njia.

Mzee wa Chokaa nilimkuta mara ya mwisho Kilosa, Magomeni, katika chumba cha uani nyuma ya duka la chumvi na mafuta ya taa. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, meneja amerudi kwao, na uwanja umeota magugu mpaka magolini. Nilikuwa nimemaliza chuo na nilikwenda na hotuba nzima kichwani. Alikuwa ameketi kizingitini, uso juani, akisokota kamba isiyo na kazi.

Nilisimama mbele yake, karibu kiasi cha kumkanyaga, na nikaamua kwamba safari hii sitamwamkia. Nilitaka aniangalie, ajue ni nani, aone aibu kabla sijafungua kinywa. Nikasubiri. Akaendelea kusokota. Kivuli changu kilipomfikia usoni ndipo aliposimamisha mikono.

"Nani? Mbona husalimii?"

Nilipunga mkono mbele ya macho yake. Yalikuwa na utando kama maziwa yaliyolala. Hayakutikisika.

"Shikamoo," nikasema, nikiibadili sauti.

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa karani wa Kilangali."

"Aa, karibu, karibu mwanangu. Baba hajambo?"

Nikaketi chini. Lile swali la utotoni lilikuwa limejijibu, na kila kitu kikalifuata: debe, kamba, goli la kichwa, nguzo ya baraza. Nikasema kwa sauti yangu, "Mimi ni wa fundi seremala."

Aliiweka kamba mapajani. "Binti Maswali."

"Tangu lini huoni?"

"La kwanza lilitobolewa na ncha ya jani, nikiwa mkataji. La pili likafuata lenyewe, polepole. Uwanja nilipewa wakati bado naona mwanga na kivuli."

"Na siku ya moto?"

"Siku ya moto nilisikia joto upande wa kushoto."

Alisema hivyo bila kupepesa. Nikamuuliza kama anajua alichomfanyia kaka yangu. Akasema, "Mnyapara aliniambia, Athumani amewasha, watu wamemwona, ila wanaogopa kusema. Sema wewe, wewe unaona kuliko wote. Ningemjibu nini? Ningesema sioni? Kipofu kambini hupewa blanketi na tiketi ya gari moshi arudi kwao. Kwetu hakukuwa na mtu."

"Kwa hiyo ukampa Athumani blanketi lako."

Akasokota kamba kidogo. "Ule mguu wake," akasema, "bado anaucheza?"

Niliondoka bila kuaga. Nyuma yangu nilimsikia akiuliza, "Umekwenda?" na tena, kwa sauti ya chini, "Umekwenda?" Nilitaka kumwonea huruma, kwani hilo lingenifanya mtu mzuri. Kilichokuja ni kichefuchefu: kwake, kwa kamba zake, kwa baba aliyekufa akiamini mstari, kwa watu waliolipa kushangilia mizigo yao wenyewe. Nilimwandikia Athumani Mikumi kwamba mzee alikuwa haoni. Alijibu kwa sentensi moja: "Sasa nani atamwambia baba?"

Nilidhani hapo ndipo mwisho, kwamba uongo ule ulikuwa wa mtu mmoja mwoga aliyemdanganya kila mtu. Miaka mingi baadaye, bendera imeshabadilika na mzee ameshazikwa, nilimkuta mnyapara mkuu Munisagara akilima mahindi. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamweleza, nikitaka nione uso wake ukibadilika, kwamba shahidi wake alikuwa kipofu.

Alicheka kwa upole, kama mtu anayekumbushwa ujana. Sigara iliyowasha moto ilikuwa ya mgeni wa meneja, alisema, na meneja mwenyewe aliijua. Na macho ya mzee yeye aliyajua tangu siku aliyomkabidhi ndoo ya chokaa, na alijua kwamba anayeficha upofu hawezi kukataa kwamba ameona. Ndiyo maana alimpa uwanja, ndiyo maana aliyasifu mbele ya watu, na ndiyo maana, moto ulipozimika, hakutafuta shahidi mwingine.